Habari ya Motokaa Iliyovuja Oili



Waalimu wenzangu wawili, mmoja wa Ndungu na mmoja wa Kisiwani, wameniuliza kwa nyakati mbalimbali swali lile lile: Je, yafaa mtu kununua motokaa iliyokwisha kutumika, hali ameona kwa macho yake kwamba inavuja oili? Nalitaka kuwajibu kwa maneno mawili matatu, lakini kila nilipoanza nalikumbuka mambo yaliyotupata sisi wenyewe hapa Maore, nikaona kwamba jibu fupi lingekuwa nusu ya jibu. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu niieleze habari yote. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufundisha dini. Nitakayoyasema juu ya injini naliyapata kwa mafundi, na machache kwa kulala chali chini ya gari.

Wengi wenu mwaijua njia yetu. Yatoka Same, yapita Kisiwani, milima ya Upare ikiwa upande mmoja na nyika ya Mkomazi upande wa pili, yafika Maore, kisha Ndungu na Kihurio, hata ikutane na barabara kuu huko Mkomazi. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita upande wa magharibi wa milima, wala haikuja kwetu. Kwa hiyo mizigo ya upande huu iliendelea kukaa vichwani mwa bibi zetu na mama zetu miaka mingi. Hata leo mtu mwenye mpunga wa kuuza huku bondeni, au tangawizi iliyoteremshwa kutoka Mamba, hutegemea gari la mwingine, naye mwenye gari ndiye apangaye nauli na saa ya kuondoka. Ndiyo sababu nyumba nyingi za wakulima hapa zina ndoto ya motokaa.

Mume wa dada yangu mdogo aliiota ndoto hiyo miaka sita. Alilima mpunga, akauza, akaweka. Akauza na ng'ombe wawili. Hata mwaka juzi akawa na shilingi milioni 8 na laki 4. Ndani ya fedha hizo zilikuwamo laki 9 alizozitenga dada yangu kwa ada ya kwanza ya binti yao mkubwa, aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Dada alizifunga mbali katika kitambaa, lakini kitambaa hakina kufuli. Usiku mmoja alinijia akasema, "Kaka, shemeji yako amesikia habari za Noah zinazouzwa Same. Nenda naye. Yeye akiliona gari, haoni kitu kingine." Basi nalikwenda, tukamchukua na fundi mmoja wa huko Same, kijana hodari, ili atutazamie.

Gari la kwanza twalionyeshwa na dalali. Sharti niwaeleze kwamba hizi Noah za kwanza, ambazo Wajapani walianza kuziuza mwaka 1996 kwa jina la Toyota TownAce Noah, hazina injini mbele kama motokaa nyingi. Injini iko chini ya viti vya mbele, na atakaye kuiona huinua kiti. Twaliinua. Injini iling'aa kama sahani ya harusi. Shemeji akanishika mkono kwa furaha. Lakini fundi alinuna, akasema, "Injini yenye miaka zaidi ya 20 haing'ai yenyewe. Hii imeoshwa jana. Je, imeoshwa kwa ajili ya usafi, au kwa ajili ya kuficha?" Twalimwomba dalali atupe ruhusa tuliendeshe gari kitambo, injini ipate moto, kisha tuinue kiti tena. Akasema petroli ni ghali. Twalimpa fedha ya petroli. Akasema ana safari. Basi tukaondoka, wala sijui hata leo gari lile lilikuwa na nini. Lakini nalijifunza kwamba kumnyima mtu nafasi ya kutazama mara ya pili nako ni jibu.

Gari la pili lilikuwa la mama mmoja mjane, mwalimu aliyestaafu. Twalimsalimu shikamoo, akatuitikia vema, akatuandalia makande, na kabla hatujauliza neno lo lote akasema, "Wanangu, gari linavuja. Sinia mnaloliona chini yake nimeliweka mimi." Kisha akatuletea kadi ya gari, ambayo ilikuwa na jina la marehemu mumewe, pamoja na barua ya mahakama iliyomweka yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Hili nalo mliangalie, maana mtu akifa, si mjane wala mtoto mwenye ruhusa ya kuuza gari lake kwa kuwa ni ndugu tu. Mwenye ruhusa ni yule aliyewekwa na mahakama. Wako walionunua kwa mtoto wa marehemu, kisha wakajikuta barazani na ndugu saba.

Bei yake ilikuwa milioni 8 na laki 2.

Sasa nitasema jinsi fundi alivyolipima gari, maana hapo ndipo penye swali la waalimu wenzangu. Kwanza alichovya kidole katika sinia. Yako maji na mafuta ya namna nyingi yadondokayo chini ya motokaa, wala si yote ni msiba. Maji matupu, yasiyo na rangi wala harufu, yakidondoka baada ya kutumia kiyoyozi, ni jasho la mashine tu. Maji ya kijani au ya rangi ya waridi, yenye harufu tamu, ni ya rejeta. Mafuta ya breki ni mepesi na yana rangi ya manjano hafifu, na gari livujalo hayo lisiendeshwe hata hatua moja. Oili ya giaboksi ya gari la otomatiki huwa nyekundu. Oili ya injini, ikiwa mpya, ina rangi ya asali, na ikiisha kufanya kazi huwa nyeusi. Iliyokuwa katika sinia ilikuwa nyeusi.

Kisha akatafuta inakotoka. Hapa watu wengi hukosea, nami ningalikosea, kwa kuwa huonyesha kidole pale palipolowa zaidi. Oili hutiririka kwenda chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo palipolowa sana huwa ni mwisho wa safari yake. Fundi alifuta injini yote kwa kitambaa na mafuta ya taa, tukaendesha gari kwa njia ya Mwembe, tukapanda mlima kitambo hata injini ikapata moto sawasawa, tukarudi, tukatazama tena kwa tochi. Juu, penye gasketi ya kifuniko cha injini, palikuwa pakavu. Penye filta pakavu. Penye nati ya kumwagia oili pakavu. Mbele, penye mkanda unaozungusha mashine za juu, pakavu pia, nasi twalishukuru, maana oili ikiulowesha mkanda ule huuharibu mpira wake, na mkanda ukikatika gari husimama hapo hapo lilipo. Unyevu ulikuwa mahali pamoja tu, pale injini inapoungana na giaboksi. Hapo ndani kuna sili, yaani pete ya mpira inayozunguka mwisho wa krenki na kuizuia oili isitoke. Mpira hukauka kwa moto na miaka, ukawa mgumu kama ngozi ya ngoma. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Lakini ili kuifikia, sharti giaboksi yote ishushwe, nayo si kazi ya saa moja. Fundi akakisia kwamba kila kitu pamoja, na oili mpya, kitafika laki 3.

Nalimwuliza, "Je, twajuaje kwamba ni sili tu?" Swali langu lilimpendeza. Akasema kwamba sili kuchakaa si neno kubwa. Neno kubwa ni sababu ya kuchakaa kwake. Injini ambayo ringi za pistoni zimelika huvuja pumzi kutoka juu kwenda chini, na pumzi hiyo huisukuma oili itoke po pote penye upenyo. Ukiitia sili mpya katika injini ya namna hiyo, utakuwa umefunga dirisha na mlango uko wazi. Basi akafungua kifuniko cha kutilia oili, injini ikiwa inaunguruma. Kama moshi ungalitoka kwa nguvu, puu, puu, kama sufuria ya uji, angalituambia twende nyumbani. Ulitoka mvuke kidogo tu. Akatazama upande wa ndani wa kifuniko. Kama pangalikuwa na povu jeupe kama maziwa, ingalikuwa dalili kwamba maji na oili vinachanganyika. Halikuwamo. Akanituma nyuma kutazama moshi wa ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Haukuwako, wala gari lilipoteremka mlima na kukanyagwa tena haukuwako. Mwisho akaona kijibomba ambacho injini hupumulia kimezibwa na masizi mazito. "Injini hii," akasema, "ni kama mtu aliyezibwa pua. Pumzi isipopata njia yake, hutafuta ya sili. Kikisafishwa hiki na sili ikibadilishwa, mtakaa nayo."

Maneno hayo alituambia nyuma ya nyumba, penye migomba. Naye akaendelea kusema, kwa sauti ya chini, "Lakini mimi nitamwambia yule mama kwamba injini imekufa. Mniachie."

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo habari yangu. Yaliyotangulia mngaliweza kuambiwa na fundi ye yote.

Twalirudi barazani. Fundi akatikisa kichwa kama mtu atokaye mazikoni, akasema, "Mama, hii injini imekwisha. Atakayenunua anunua bodi tu." Yule mama hakumtazama fundi, wala hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa kazi yangu. "Mwalimu," akaniuliza, "ndivyo?"

Nalimjibu, "Mafundi ndio wajuao, Mama."

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, nami nalijua kabisa nilifanyalo. Mama alikaa kimya. Kisha wakaanza mapatano, na kwa muda mfupi bei ikashuka kutoka milioni 8 na laki 2 hata milioni 6 na nusu. Twaliagana kwamba baada ya siku mbili tutarudi na fedha. Njia nzima ya kurudi Maore shemeji aliimba. Na hesabu yake ilikuwa njema, kwa kuwa kwa bei ile gari lingetengenezwa, ada ya binti ingelipwa yote, na fedha ingesalia ya kununulia matairi.

Usiku ule nalikuwa natayarisha fundisho la vijana wa kipaimara, na zamu ilikuwa ya amri ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Nalifungua pia Mithali, sura ya 20, ambapo anatajwa mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenye nacho, naye akiisha kuondoka hujisifu. Zamani nalipasoma mahali hapo na kucheka. Mke wangu aliniona nimekaa na taa bila kuandika, akaniuliza, nami nikamweleza. Akasema, "Ulinyamaza, au ulisema?" Nikasema, "Nalisema kidogo." Akasema, "Basi rudi ukaseme kilichobaki," akageuka akalala.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mkristo asishindane kwa bei. Kuuza na kununua ni mapatano, na mtu akisema, "Mama, gari lako lina sili mbovu, itanigharimu laki 3, nipunguzie," amesema haki yake. Hata kunyamaza juu ya fedha uliyo nayo mfukoni si dhambi. Lakini kumpa mtu habari ya uongo juu ya mali yake mwenyewe, kwa kuwa yeye hawezi kulala chini ya gari akaona, ni kuiba kwa mdomo. Naye aliniuliza mimi.

Alfajiri nalimfuata shemeji shambani. Sitaandika maneno yote aliyoniambia. Mengine yalikuwa na nguvu, wala sikuweza kuyajibu: ya kwamba kila mnunuzi hushusha bei, ya kwamba yule mama ana malipo ya uzeeni kila mwezi, na binti yake yeye hana kitu, ya kwamba aliyesema uongo ni fundi, si sisi. Dada yangu alikuwa karibu, anapalilia. Alisikiliza yote, kisha akasema bila kuinua uso, "Mimi sitaki mwanangu ajifunze kuuguza watu kwa fedha ya mjane." Shemeji akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaniambia, "Vema. Kama ukweli ni wako, Mwalimu, na ada iwe yako."

Watani wetu Wachagga husema kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kesi ya kuku. Mimi siku ile nalilipa nauli kwenda kujishitaki mwenyewe.

Nalimkuta yule mama anaanika mahindi. Nalimweleza: ya kwamba injini ni nzima, ya kwamba kilichoharibika ni sili, ya kwamba gharama yake ni kama laki 3, na ya kwamba nalijua hayo aliponiuliza. Hakunisifu. Aliniuliza kwa nini sikusema juzi, nami nikakosa la kujibu. Akaingia ndani, akatoka na daftari. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa hesabu. Kila alipoongeza oili aliandika siku na kiasi. Twaliketi tukasoma pamoja. Katika kurasa za kwanza aliongeza lita moja kwa miezi mitatu. Katika za mwisho, lita moja kwa mwezi. Daftari lile lilitufundisha kuliko tochi ya fundi, kwa kuwa lilionyesha kwamba uvujaji umekua polepole, kwa miaka, kama mpira unaokauka, wala haukuanza ghafula kama kitu kilichovunjika. Mkimpata mwuzaji mwenye daftari la namna hiyo, mlisome kabla ya kutazama rangi ya gari.

Akanieleza kwamba alikubali milioni 6 na nusu kwa sababu ana deni la matibabu ya mumewe, na kwamba alikuwa tayari ameanza kutafuta mahali pa kukopa fedha zilizopungua. Basi tukafanya hesabu wazi wazi. Kutoka milioni 8 na laki 2 tukaondoa laki 3 za matengenezo, akaondoa laki 1 tena, akisema, "Hii ni ya nauli zenu za kuja na kurudi." Ikawa milioni 7 na laki 8. Nalimpigia shemeji simu, akasema, "Lete karatasi."

Sasa nawageukia ninyi wawili mlioniuliza. Kwa kadiri nilivyoona, doa la oili peke yake halimwambii mtu nunua wala usinunue. Jueni kwanza ni mafuta gani, yatoka wapi, na kwa sababu gani. Likiwa la juu, kwenye gasketi ya kifuniko, ni kazi ndogo, gari lisikataliwe kwa hilo. Likiwa la sili ya nyuma, kama letu, hesabuni gharama ya kushusha giaboksi. Likija pamoja na moshi wa buluu, au pumzi nyingi katika tundu la oili, au povu jeupe, mimi ningeondoka hata kama bei ni nusu. Rahisi huvunja upishi, na injini iliyokwisha hula shamba. Ombeni kuliwasha gari asubuhi likiwa baridi, na mkikuta mwenyewe amekwisha kuliwasha kabla hamjafika, ombeni kurudi siku nyingine. Wako wauzaji wanaotia oili nzito kupita kiasi ili isidondoke upesi na moshi usionekane; kwa hiyo chomoeni kile kijiti cha kupimia, muone na uzito wake, si kiasi tu. Wala msitazame herufi za namba ya gari mkadhani mmejua umri wake. Herufi zaonyesha lilipoandikishwa katika Tanzania, si mwaka lilipoundwa. Mwaka wa kuundwa ulizeni kwa namba ya chesesi.

Tena, fedha ya matengenezo itengwe kabla ya bei kutajwa. Bwana wetu alipomtaja mtu atakaye kujenga mnara, katika Luka sura ya 14, alimketisha kwanza ahesabu. Mwenye milioni 8 akinunua gari linalovuja kwa milioni 8, amenunua ugonjwa bila dawa. Atasema nitaongeza oili kidogo kidogo. Na siku moja atasahau, na katika kupanda kwenda Mamba na mzigo oili itakuwa imekwisha, vyuma vitasagana, na kazi ya laki 3 itakuwa kununua injini nyingine. Au oili itadondokea bomba la ekzosi lenye moto. Katika Noah ya namna ile abiria wa mbele ameketi juu ya injini, naye akisikia harufu ya kuungua asiipuuze. Na wale wanaotaka kuchukua abiria kwa nauli wakumbuke leseni ya LATRA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Shemeji alikuwa hakuihesabu hata kidogo, ikambidi kungoja.

Kwetu hesabu ilikwenda hivi. Milioni 7 na laki 8 kwa yule mama. Laki 3 kwa fundi mwingine, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini, ambaye alishusha giaboksi, akatia sili mpya, akasafisha na kile kijibomba cha kupumulia. Laki 1 kwa bima na kubadili jina. Katika kitambaa cha dada zilisalia laki 2. Ada ilipungukiwa laki 7. Naliuza mbuzi wanne nikatoa laki 4, maana naliambiwa ada ni yangu, wala sikuona njia ya kukataa. Na laki 3 chuo kilikubali zilipwe kidogo kidogo. Binti alichelewa juma moja. Mke wangu hakusema neno juu ya mbuzi, ila mmoja alikuwa wake, nami nadaiwa hata sasa.

Gari lilikaa kavu miezi minne. Mwezi wa tano likaanza kutoa doa dogo, safari hii kutoka juu, kwenye gasketi ya kifuniko, nayo ilibadilishwa kwa saa mbili. Shemeji huniita "Mwalimu" akiwa na hasira na "shemeji" akiwa na amani, na tangu mavuno yaliyopita naliitwa shemeji mara nyingi. Halaziki tena gari kando ya mfereji, baada ya kuambiwa na majirani kwamba oili ikiingia majini hufika katika mpunga wao wote. Hulaza chini ya mwembe, na kila jioni kitinda mimba wao huweka kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi hukichomoa akakipeleka kwa baba yake kabla ya chai. Juzi nalipita pale nikamkuta anakigeuza geuza kwenye mwanga, akaniambia, "Mjomba, leo hakuna kitu, ila kinyesi cha kuku."